Vumbi Katika Nyumba ya Eda

Mashine za kufyonza vumbi zilikuwa mbili, na Isihaka alitakiwa achague moja kabla jua halijawa kali. Hemedi alizikodi Dar es Salaam, akazileta Kisarawe juu ya lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu. Moja ilikuwa na mfuko wa kitambaa mgongoni. Ya pili ilikuwa pipa la bati linalotiwa maji, ili vumbi lizame humo kabla hewa haijatoka.

Isihaka alimwaga chokaa sakafuni akazijaribu. Ile ya mfuko ilimeza kila kitu, hata kijiwe kimoja. Ile ya pipa ilikoroma na kupita mara mbili palepale.

"Hii ya mfuko ndiyo dume," alisema Hemedi.

Isihaka akakubali. Hakuna aliyezunguka kutazama kinachotoka nyuma yake. Ndivyo tulivyo: kitu kikiwa na nguvu, tunakipa na akili bure.

Na uchaguzi ule haukuwa wa mzaha. Katika chumba cha nyuma alikuwamo Bibi Biasha, mama yake Hemedi, mwezi wa pili wa eda. Alikuwa na pumu. Daktari alikwisha kusema kwamba vumbi la chokaa likimwingia safari hii, wasimlaumu yeye. Lakini marehemu mumewe, Mwinyijuma, aliyemfundisha Isihaka uashi, aliagiza injini ya umeme kabla hajafa, na mtaalamu wa kuunganisha nyaya alikuwa anakuja siku hiyo, siku hiyo tu. Lazima kuta ziwe zimekatwa mifereji ya nyaya.

Walimsihi Bibi ahamie kwa jirani. Akakataa katakata.

"Nitoke na eda haijaisha? Kwa vumbi? Mwacheni fundi afanye kazi yake."

Uani hakukaliki, injini ilikuwa ikitoa moshi. Basi kati ya kifua cha Bibi na chokaa kulibaki mashine moja.

Hemedi akaondoka kwenda Kibaha kumchukua mtaalamu. Mkewe, Mwanahalima, akashika ndoo kwenda kisimani. Isihaka alisimama nje ya mlango wa Bibi.

"Shikamoo, mama. Naanza kazi."

"Marahaba, baba. Mungu akusaidie."

Akaiweka mashine ukumbini, akapitisha bomba lake chini ya mlango wa chumba cha mbele, akajifungia humo na tindo na nyundo. Kila alipogonga, vumbi liliruka likavutwa papo hapo. Hewa mle ndani ilikuwa safi hata akaona haya kwa kuwa aliogopa asubuhi. Akakata mfereji wa kwanza, akakata wa pili, akawa anaimba kimoyomoyo. Kwa kelele ile ya mashine asingesikia hata mtu akipiga ngoma upande wa pili.

Kisha injini ikaishiwa mafuta, ikakohoa, ikazima.

Kimya. Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, Bibi alikuwa akivuta uradi, sauti yake ikipenya ukutani. Sasa hapakuwa na sauti. Isihaka akafungua mlango.

Ukumbi mzima ulikuwa mweupe. Mfuko wa kitambaa ulishika kokoto na mchanga, ukaiachia ile chokaa laini kama unga ipite, na mashine yenyewe, kwa nguvu zake zote, ilikuwa imeipuliza saa nzima kuelekea mlango wa Bibi Biasha. Isihaka ndiye aliyeielekeza hivyo.

"Hodi, mama."

Hakujibiwa.

"Hodi!"

Ndani kitu kilikwaruza, kidogo sana, au alidhani tu.

"Hodi, Bibi Biasha!"

Hodi ya tatu isipojibiwa, mtu mwenye adabu hurudi zake. Na huyu alikuwa mjane ndani ya eda, asiyefaa kuonwa na mwanamume wa kando. Mguu wa Isihaka ukageuka wenyewe. Ndipo alipoikumbuka Jumatatu ile. Alisimama kwenye mlango huohuo, Bibi akiwa shamba Dutumi, akapiga hodi tatu, akaenda zake. Jioni Mwinyijuma alikutwa sakafuni, na daktari akasema alikaa hai saa nyingi. Isihaka hakumwambia mtu. Alizika na wenzake, akala pilau ya hitima.

Alipiga mlango kwa bega. Komeo likang'oka.

Bibi alikuwa chini kando ya kitanda, midomo imebadilika rangi, kifua kikivuta na kisipate. Isihaka alichovya shuka kwenye ndoo ya maji ya udhu, akamfunika uso, akambeba, akakata ukumbi mbio hadi barazani, mbele ya njia, mbele ya watu.

"Eda yake! Isihaka, una wazimu?" Siwema wa ng'ambo alipiga kelele.

Mwanahalima, ndio kwanza anarudi kisimani, alitupa ndoo, akakimbilia vidonge. Wakamketisha, wakamwinamisha, wakangoja. Pumzi ilikuja kwa shida, ikapotea, ikaja tena. Isihaka aliomba Mungu kwa maneno ya mtoto, bila mpangilio.

Adhuhuri rangi ilikuwa imerudi usoni. Hemedi naye alirudi na mtaalamu na debe la mafuta. Isihaka alilitia maji lile pipa, akatundika kaniki nyuma yake na kuliwasha juu ya chokaa. Robo saa nzima kaniki ilibaki nyeusi. Jaribio hilo lilitakiwa lifanywe asubuhi.

Kabla ya kurudi kazini alipiga magoti barazani, macho chini.

"Mama, Jumatatu ile, aliyepiga hodi akaenda zake..."

"Ni wewe. Siwema alikuona."

"Ulijua? Na ukakubali nije?"

Bibi Biasha alimgeukia.

"Nilikuwa nakungoja useme," alisema. "Nilikuchukia, Isihaka. Usidhani sikukuchukia. Lakini leo nimelala pale chini, nakusikia. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sauti haitoki. Nikajua kwamba sasa utakwenda." Alishika ukingo wa shuka. "Na angekuwa Hemedi mlangoni leo, angekwenda. Nimemfundisha mwenyewe, toka mdogo. Hodi tatu, urudi."