Kondoo Asiye na Kasoro

Mji mzima wa Kamembe ulijua: ukitaka kondoo wa Idd ya kuchinja asiye na kasoro, umtume Mudathiru. Kila mwaka hupanda vilima vya Bweyeye, kule msitu unakoanza, akafungue vinywa atazame meno, ainue mikia, apapase masikio. Kondoo wa kisasa, wakubwa wa mwili, hana haja nao. Wengi wamekatwa mikia wangali wachanga, na kwa Mzee Sultani, anayemtuma, na wenzake wa msikitini mnyama aliyepungukiwa kiungo hafai sadaka. Yeye hutafuta wale wa zamani, wafupi, mkia mnene umening'inia kupita magoti.

Mwaka huu alimpata mmoja tu. Dume jekundu, kamili kama yai. Alimnunua kwa Niyonsenga, mfugaji wa huko, akampiga picha kwa simu, akaituma kwa Mzee Sultani, na kabla lori halijawaka mzee alikuwa ameshaonyesha msikiti mzima.

Ndipo Mukeshimana, mjane wa kaka yake Niyonsenga, akashuka mbio kutoka shambani na jembe begani.

"Papa Mudathiru! Huyo ndiye wa mwisho!"

"Wa mwisho namna gani, Maman? Minaona kondoo kilima kizima."

"Majike hayo. Dume lililobaki ni lile la mguu wa kombo, ulilikataa mwaka jana, ukalikataa mwaka juzi. Weye unabeba wazima, sisi unatuachia vilema. Kilema atatuzalia nini, simba?"

Wapakiaji wakacheka. Mudathiru naye akacheka. "Si mulete dume la kisasa, kubwa kama ndama?"

"Tulileta. Mvua ya huku ikalimaliza kwa kikohozi. Hawa wetu wanalala humo humo kwenye mvua. Mimi kondoo hata siwali, mama yangu hakuwala. Lakini batoto bangu bote nilibabeba mugongoni katika ngozi ya kondoo wetu. Sasa uzao wao unaishia mikononi mwako, na unacheka."

Lori likaondoka. Kicheko kilimwisha Mudathiru kabla ya kona ya kwanza. Miaka yote hiyo, kila dume zuri lililomea kilimani pale yeye ndiye aliyelishusha, akasifiwa. Alikuwa kama mtu anayekula mbegu nzuri na kuacha mapepe ndiyo yapandwe.

Kumrudisha angeweza. Ila amwambie nini Mzee Sultani, aliyemfundisha biashara, aliyemtafutia na mke? Kuvunja ahadi mbele ya msikiti mzima, kwa ajili ya maneno ya mwanamke wa Bweyeye?

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, alimfunga dume nyuma ya nyumba yake, akachukua wembe. Kwa mazoea ya mkono "Bismillahi" ikamjia mdomoni. Akaimeza. Akakata ncha ya sikio. Dume halikulia, lilitikisa kichwa tu, na damu ikamrukia kanzu.

"Mzee," alisema alipolifikisha nyumbani kwa Sultani, "sikio limekatika. Waya wa lori."

Mzee Sultani alilishika lile sikio polepole. "Pole, mwanangu. Mwingine angenificha, akanibebesha sadaka mbovu. Ndiyo maana minakuamini weye."

Mudathiru aliizungusha kamba mkononi.

"Basi nitachinja mbuzi. Na huyu tusimwache aende bure: harusi ya mjukuu wangu Umwali ni juma lijalo. Nyama haiulizwi masikio." Akageukia uani. "Mumufunge huku, mumupe majani!"

Mtu akaja kushika kamba. Mudathiru hakuiachia. Akinyamaza sasa, dume litakuwa limekatwa bure, kisha likaliwa.

"Mzee, si waya."

"Nini, basi?"

"Ni mimi. Kwa wembe."

Akaeleza, maneno yakigongana: Bweyeye, majike, yule wa mguu wa kombo. Mzee Sultani alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema jana ningekupa dume, nikakuombea na dua. Kwani mimi ni fisi?"

"Niliona haya, Mzee."

"Haya ni yako, damu ukaitoa kwa kondoo." Akanyanyuka. "Mpeleke. Na mwaka ujao usipande kwa jina langu."

Idd ilimkuta njiani, takbira zikitoka kwenye redio ya dereva. Bweyeye palikuwa na mvua. Mukeshimana alipokea kamba, akaona sikio.

"Nani kamukata?"

"Mimi."

Akamfungua dume. Likaenda moja kwa moja kwa majike, kichwa limekiinamisha upande wa kidonda. Mukeshimana akalifuata. Mudathiru alibaki kwenye tope. Hakuna aliyemwambia karibu, naye hakuona kwa nini aambiwe.