Mbuzi Aliyemsubiri Aikande Ajifungue

Usiku wa jana niliota, na mtu asiniambie ni kwa sababu ya kiporo cha maharage, kwamba mbuzi wetu ameingia sebuleni kuomba kustaafu.

Alikaa kwenye kiti cha Baba Aikande, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine, akasubiri nimkaribishe chai. Nilimkaribisha. Alikataa sukari.

Huyu mbuzi nimweleze kidogo. Binti yetu Aikande alipofunga ndoa na Godlisten, nilimtenga mbuzi mmoja mchanga, nikawa namlisha majani ya migomba na pumba, awe tayari siku mwanangu atakapojifungua. Kwetu huku Machame mzazi halelewi kwa maneno. Analelewa kwa supu, mtori wa ndizi na samli. Anakaa kitandani ananenepa, anakandwa kwa maji ya moto, na hakuna wa kumwambia ainuke ashike ufagio. Kazi hiyo niliitaka mimi mwenyewe, na mama mkwe wake nilishamwambia asijisumbue.

Basi mbuzi amekula, amenenepa, na sasa amezeeka. Aikande yuko Dodoma anapima udongo wa barabara, na kila nikimuuliza ananijibu, "Mama, nimalize kwanza hii barabara."

Na mimi nilishasema mbele ya watu, pale pale harusini, kwamba Dodoma nitakanyaga siku ya kwenda kulea mzazi. Nikisema, nimesema. Kwa hiyo nyumba ya mwanangu sijawahi kuiona.

"Mama Aikande," mbuzi alisema, "meno yangu ya mbele yameanza kulegea. Wenzangu niliozaliwa nao wote walishachinjwa kwa heshima zao."

"Vumilia kidogo. Barabara inakaribia kwisha."

"Umeiona hiyo barabara?"

"Sijaiona."

"Twende tukaione. Siwezi kufa bila kujua nilikuwa nasubiri nini."

Niliona ana hoja. Nikabeba kopo la samli na mkungu wa ndizi, maana hakuna mama anayekwenda kulea mikono mitupu, tukatokea mlango wa jikoni.

Nje, mahali pa migomba, kuna barabara. Inaanzia kwenye banda la kuku na mwisho wake hauonekani. Nainama niiguse.

"Pita pembeni, hapo sijakauka," inasema.

"Utakwisha lini wewe? Mwanangu anakusubiri wewe ili azae."

"Mimi niliisha mwaka juzi, mama. Binti yako sasa yuko kwa mwenzangu. Na baada ya mwenzangu kuna daraja."

"Habari za daraja hakuniambia."

"Ulimuuliza? Ukipiga simu wewe unaulizia tumbo tu."

Ilikuwa barabara isiyolelewa vizuri. Mbuzi alikohoa kidogo, akajifanya anatazama kuku.

Tulitembea kidogo, mlima ukaondoka bila kuaga, tukawa Dodoma. Nilijua ni Dodoma kwa sababu ya upepo na zabibu. Nyumba ya Aikande ilikuwa na mlango mmoja, umesukwa kwa majani makavu ya mgomba, na mahali pa kitasa palikuwa na mdomo.

"Nani?" mlango uliuliza.

"Mama yake Aikande. Nimekuja kulea mzazi."

"Humu kuna Aikande. Mzazi hayupo."

"Basi nifungulie nimwone Aikande."

"Haiwezekani. Nina maelekezo kwamba Dodoma unakanyaga siku ya kulea mzazi."

"Maelekezo ya nani?"

"Ya kwako. Uliyatoa harusini, na mchungaji alikuwepo."

"Nilikuwa nachangamsha watu."

"Mimi ni mlango," ulisema. "Hebu tazama miguu yako."

Natazama chini. Miguu yangu haigusi ardhi. Niko juu kidogo, kiasi cha kupitisha kiganja, na mkungu wa ndizi uko juu pamoja na mimi. Mbuzi amesimama vizuri kwenye mchanga wa Dodoma, maana yeye hakuwahi kutoa hotuba.

Ndani nikamsikia Aikande anakohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu akiwa mdogo, kinaanza taratibu halafu kinamalizikia kwa kuguna. Kisha nikamsikia anajisemea peke yake, "Nitakula kesho."

Hapo moyo uliniuma kweli. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa kitu kimoja, kwamba nitazeeka kabla hajazaa, magoti yatagoma, mikono itakosa nguvu ya kukanda, na mwanangu atalala na uzazi wake bila mtu wa kumchemshia maji. Sasa nilikuwa mlangoni kwake, mikono yangu mizima, na nilishindwa kumchemshia hata chai. Nililia, na machozi yalichukua muda kidogo kufika chini.

Mbuzi aliusogelea mlango, akaunusa.

"Haya ni majani ya mgomba?"

"Ya mgomba," mlango ulijibu.

"Makavu?"

"Makavu."

"Siyapendi sana," mbuzi alisema, "ila nimeyazoea."

Akaanza kuula mlango. Aliula kwa utulivu, kuanzia chini, akitafuna kwa meno yaliyobaki. Mlango ulisema jambo hili ni kinyume cha utaratibu, ukarudia kulisema mpaka mbuzi alipofika mdomoni. Miguu yangu ikashuka. Nilikanyaga Dodoma, na ardhi yake ilikuwa ya moto.

Aikande alikuwa amekaa mkekani na mabuti ya kazini, nywele timutimu, vumbi mpaka kwenye kope. Pembeni mifuko ya udongo ilikuwa imelala, mingine inakoroma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sijazaa."

"Naona."

"Umeingiaje sasa?"

"Mlango umeliwa."

Alitikisa kichwa, akauliza tu kama umeliwa wote. Nikamwambia wote. Nikamvua mabuti, nikamenya ndizi, nikabandika sufuria. Mtori ulipoiva nikaupekecha, nikatia samli, nikamlisha kwa mkono wangu kama mzazi kabisa. Mfuko mmoja wa udongo uliamka ukaomba kuonja, nikaunyima. Kisha nikachemsha maji, nikachovya taulo, nikamkanda mgongo. Ulikuwa umekaza hasa.

"Na mimi je?" mbuzi aliuliza kutoka kwenye kona.

"Wewe umestaafu," Aikande alimwambia. Mbuzi alishukuru, akajilaza.

Nilijizuia sana, Mungu ni shahidi. Lakini swali likatoka lenyewe.

"Utazaa lini, mama?"

Aikande alilivuta lile taulo mpaka mabegani.

"Sijui. Labda baada ya daraja, labda isitokee kabisa, kwa kweli sijui. Lakini mimi nachoka hata bila mtoto, Mama. Nachoka kama watu wengine."

Nilimwambia asogee, akakaa chini katikati ya magoti yangu kama zamani akienda shule, nikaanza kumsuka mistari ya twende kilioni, maana ndio mtindo pekee ninaoujua. Alikuwa na joto, na kichwa chake kilikuwa kizito juu ya goti langu. Nilimaliza mstari wa kwanza kutoka usoni mpaka kisogoni. Nilipofika katikati ya mstari wa pili, jogoo akawika na nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu Machame, vidole vimejikunja juu ya shuka. Baba Aikande alikuwa bado anakoroma. Sijakaa sawa, simu ikaita.

"Shikamoo, Mama. Samahani kukuamsha. Nina jambo la ajabu kidogo."

"Marahaba. Sema."

"Nililala nywele zangu wazi. Nimeamka nimesukwa mstari mmoja, na wa pili umeishia katikati. Godlisten yuko safari, na hata angekuwepo hajui kusuka."

"Umekaza?"

"Unavuta kidogo hapa kwenye paji."

"Ndio mkono wangu ulivyo. Umekula lakini?"

Alikohoa, akamalizia kwa kuguna.

"Jana sikula," alisema. "Ila nimeamka nimeshiba, sielewi."

"Usiufumue huo mstari," nilimwambia. "Nakuja."

Nikashusha begi kutoka juu ya kabati, nikaanza kupanga nguo. Baba Aikande akaamka.

"Unakwenda wapi?"

"Dodoma."

Aliketi wima, uso wote umechanua. "Amejifungua?"

"Hapana."

"Ana mimba, basi."

"Hana, Baba Aikande."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Amesukwa nusu," nilisema. "Nakwenda kummalizia."