Magunia ya Mama

Mama alikufa katikati ya mavuno. Kwa desturi ya wazee wa kijijini kwetu hapa Krete, mpaka siku ya tisa watu wa nyumba ya msiba hawagusi kazi ya shamba. Kwa hiyo magunia kumi na manne ya zeituni alizochuma kwa mikono yake yalibaki ghalani, midomo imefungwa kamba. Siku ya sita niliingia kuchukua kuni, nikaegemea gunia moja. Lilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Nilijua maana yake, nikatoka na kuni zangu.

Mimi ni mwonjaji wa mafuta katika ushirika. Kila mwaka nawafundisha wageni wa kazi kwamba ile harufu ya majani mabichi haimo ndani ya zeituni nzima. Huzaliwa kinuni, tunda linapopondwa na vimeng'enya vyake kukutana na hewa. Ukichelewa, hamira na bakteria hujikaribisha. Hula sukari ya tunda gizani, hutoa siki, kisha mnuko wa tope. Kinyozi hajinyoi.

Siku ya kumi Baba aliyapeleka kinuni. Miaka arobaini mafuta yetu yalipimwa kwa jina lake, Manousos. Safari hii aliandikisha la Mama, Argyro. Aliniambia anachotaka ni kuliona jina hilo kwenye ubao wa matokeo wa ushirika, daraja la kwanza, mara moja tu.

Tulionja tukiwa wanane, kila mtu na kibanda chake, glasi za buluu ili rangi isitudanganye, na namba badala ya majina. Niliipasha moto glasi ya ishirini na saba kwa kiganja, nikafunua. Ghala lote likanijia puani. Nilionja, nikatema, nikashika kalamu. Hata ningeficha, pua saba nyingine zisingeficha. Niliandika kasoro kama ilivyo. Mafuta ya Mama yakaangukia daraja la mwisho, la mafuta yasiyoliwa, ya kuwashia taa.

Nilimkuta Baba jikoni, ameyamimina juu ya mkate mkavu wa shayiri. Nikampa habari. Aliinamia sahani, akavuta pumzi.

"Mimi nasikia harufu ya mama yako tu."

"Ni magunia, Baba. Yalichacha. Siku ya sita niliyagusa, yalikuwa ya moto."

Akainua uso polepole. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ungesema nimejali mafuta kuliko mama yangu, hata siku tisa hazijaisha."

"Ningesema, ndiyo. Ningekutukana, halafu ningeyabeba magunia." Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililonitisha. "Yeye mwenyewe angetufukuza huko msibani twende kinuni. Humjui mama yako?"

Akasukuma sahani upande wangu.

"Kula."

Nilimega. Siki ikanipanda puani, tope likafuata. Miaka ishirini nimekuwa nikitema mafuta kama hayo bila kufikiri. Nilimeza, naye akanimegea kipande kingine.