Dawa ya Moto kwenye Friji

Mpishi wa hospitali alikuwa na mikono ya kutisha. Miaka yote aliyofanya kazi jikoni pale, ile oveni kubwa haikumwacha salama. Leo trei imemgusa kifundo cha mkono, kesho mvuke umemrukia vidole. Hakuwa mtu wa kulialia. Alitia mkono chini ya bomba la maji baridi mpaka moto utulie, akarudi kazini, na jioni akampelekea mkewe mkono huo nyumbani, kama mtu anayepeleka saa kwa fundi. Mkewe alikuwa na dawa yake ya moto, ya mshubiri na asali, kwenye chupa ya jemu iliyokaa mlangoni mwa friji.

Sasa mkewe hayupo. Alizikwa kabla ya mvua, na mvua zenyewe zimekwisha. Watoto wako mbali. Wanapiga simu, wanauliza kama baba amekula, baba anasema amekula, na hapo maneno yanawakaukia wote. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikinguruma anageuka kuangalia nani kaingia. Alikuwa mpweke, tuseme wazi, mpweke wa kuongea na sufuria. Mtu anayewapikia wagonjwa wodi nzima, akifika kwake anakula mkate mkavu, tena amesimama.

Nguo za marehemu, dada zake walishagawana. Kilichobaki ni ile chupa. Ndani yake mlikuwa na kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe, na mpishi aliifanyia ubahili ambao hata mshahara wake hakuwahi kuufanyia. Akiungua, anachovya ncha ya kidole, anagusisha, anafunga upesi. Ikiisha, basi, imeisha. Maana aibu yenyewe ndiyo hii: bwana huyu, asiyeshindwa na sufuria ya aina yoyote, hakujua dawa ile inatengenezwaje. Hakuwahi kuuliza. Mshubiri wenyewe umeota kwenye ndoo iliyotoboka nje ya mlango wake, anaupita asubuhi na jioni.

Kisha trei ikamuunguza kifundo cha mkono wa kulia, na safari hii kidonda kikagoma kupona. Anapaka, kinazidi kuwa chekundu. Anapaka tena, kinatoa maji. Akajisemea kwamba anapaka kidogo mno, ila kuongeza hakuthubutu. Akawa anavaa shati la mikono mirefu na kujitia hamnazo.

Jumapili moja mchana akasikia hodi. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mke wa kijana mchomea vyuma, mwenye mimba iliyomtangulia mlangoni. Mtaa mzima wanamwita Mama Kijacho. Alifunua sufuria vibaya, mvuke ukamchoma vidole. Ameshaviweka kwenye maji ya bomba kwa muda mrefu, akaeleza, sasa alikuwa anaulizia kama ile dawa ya Mama, ndivyo walivyomwita marehemu, bado ipo.

Mpishi akamtazama usoni akamwambia imekwisha. Uongo mkavu, na chupa iko hatua chache nyuma ya mgongo wake.

Mama Kijacho hakukasirika. Aliomba jani moja tu la mshubiri na kijiko cha asali, wataitengeneza papo hapo. Akaingia, akajishusha taratibu kwenye kigoda, akaomba kisu. Jani aliliosha, akalisimamisha kwenye kikombe ili ule utomvu wa njano uchuruzike, maana alisema huo unawasha. Akalimenya, akakwangua ute wake mweupe, akaupondaponda na asali mpaka ukalainika. Mpishi alisimama kando anatazama kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kumbe ni hivyo tu.

Akamuuliza kajifunza wapi. Kwa Mama, akajibiwa. Wanawake wengi wa mtaani wanaijua, Mama hakuwa mchoyo.

"Mbona mimi hakunifundisha?"

Mama Kijacho aliendelea kujipaka vidole, hakuinua macho.

"Nilimuuliza hilohilo, Baba. Nikamwambia, si umfundishe mzee wako, kila siku anaungua huyu. Akacheka. Akasema, nikimfundisha atajipaka mwenyewe. Sasa mimi mkono wake nitaushika lini?"

Mpishi aliona haya kumdanganya binti wa watu kwa sababu ya kitu ambacho marehemu mwenyewe alikuwa akikigawa bure, akafungua friji, akatoa chupa.

"Nilikudanganya, mwanangu. Hii hapa."

Mama Kijacho akafungua, akanusa, akageuza uso pembeni. Imeoza, akamwambia kwa upole. Dawa hii haikai, Mama alikuwa akitengeneza kidogo kila wiki na inayobaki anaimwaga. Ndipo macho yake yakashuka kwenye mkono wa shati. Akaushika bila kuomba ruhusa, akaukunja, akakiona kidonda. Kwa miezi yote ile hapakuwa na mtu aliyemgusa, na mpishi alijikaza machozi yasimtoke. Hicho si cha mshubiri tena, Mama Kijacho akasema, kesho aende akaonwe na daktari, na anafanya kazi hospitali kwa hiyo hana kisingizio.

Alikwenda. Kilisafishwa, akapewa dawa, kikapona. Dawa iliyooza aliimwaga nje, chupa akaiosha kwa maji ya moto. Akasimama nayo kwenye sinki muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki chache baadaye oveni ikamgusa kidole gumba, kidogo tu. Alikitia kwenye maji kama kawaida. Jioni nyumbani akaweka chai jikoni, akakata jani, akalichuruzisha, akamenya, akaponda na asali bila kukosea. Akajipaka, akamaliza, na chai bado haijachemka.

Akakaa kigodani anakitazama kidole. Kazi ya dakika chache tu. Mkewe alikuwa akikaa na mkono wake mpaka chakula kinapoa mezani, na yeye kila jioni alikuwa akimwambia afanye haraka.