Mzizi wa Nywele Nyeusi

Mteja ndiye aliyeona kwanza. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa, nami nimeinama kutazama kwenye kioo kama mistari imenyooka. Akageuka ghafla, rasta ikanichomoka mkononi.

"Eish, sista. Macho yako yana nini?"

Nikasogelea kioo. Weupe wa macho yangu ulikuwa umeingia manjano, kama kitambaa kilichomwagikiwa bizari.

Ilikuwa Juni 2017, Doornfontein, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, katika saluni niliyoifungua pamoja na Jeannine. Yeye wa Bukavu, mimi wa Tanga. Miaka minne tulikuwa tumechangia vitana, jiko la umeme na shida. Nilimwita Mama Shekinah, kwa jina la mtoto wake mkubwa. Yeye aliniita dada. Na mimi niliyeachika bila mtoto, nisiye na ndugu hata mmoja nchi hii, neno hilo nililivaa kama nguo ya sikukuu.

Mvi zilinianza mapema, kabla ya arobaini. Msusi mwenye mvi ni kama fundi cherehani aliyevaa viraka: watu hawasemi, wanatazama tu. Siku chache baada ya Pasaka, Jeannine alinitolea mfuko wa karatasi, akasema ameununua mtaa wa Wachina, Cyrildene. Ndani mlikuwa na vipande vikavu vya rangi ya kutu, vina mishipa kama kuni zilizopasuliwa.

"Ni mizizi," alisema. "Bachina banaiita he shou wu. Muzee moja wa zamani alikunywa, nywele yote ikarudia nyeusi. Ikifanya kazi, tutapikia na bateja."

Akawa ananichemshia kila asubuhi. Ukakasi wake ulikaa kooni hadi adhuhuri. Mwenyewe hakunywa, alisema ana vidonda vya tumbo.

Lakini alivyokuwa akinijulia hali! Umelala muzuri, dada? Tumbo je? Unakula? Ananiwekea kiganja kwenye paji la uso, ananitazama machoni. Tangu mama yangu azikwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipoanza kuchoka, mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, nilimjibu kwamba sijambo. Sikutaka kumtia wasiwasi.

Hospitalini daktari alisoma majibu ya damu, akaniuliza ninakunywa nini. Nikamweleza. Akasema ini limeumia, niache leo hii. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtetea Jeannine moyoni mwangu: kadanganywa, maskini, kauziwa sumu naye hajui. Wiki ya pili nikachukua kipande kimoja, na ule mfuko wenye jina la duka, nikaenda Cyrildene kugomba.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Aliuacha ugomvi wangu uishe wenyewe. Kisha akavaa miwani, akakigeuza kile kipande.

"Huu ni mbichi," alisema. "Wa kunywa hupikwa na maharage meusi, siku nyingi, hadi unakuwa mweusi. Na hata huo simpi mtu kabla sijamuuliza habari za ini lake. Rafiki yako alisema anataka wa kuoshea nywele."

"Labda hakukuelewa."

"Alirudi kesho yake. Akaniuliza, mtu akiunywa je? Nikamwambia usithubutu, utaharibu ini." Akanitazama machoni, sauti ikashuka. "Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka."

Nilimkuta Jeannine saluni anafagia nywele. Nilimweleza nilikotoka. Hakukana. Aliegemeza fagio ukutani, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilizani ule mama wa duka anataka tu kuniuzia ile ingine ya bei," alisema. "Nikasema tuone kwanza."

"Tuone kwa nani, Mama Shekinah?"

Alipangusa nywele zilizonasa kwenye sketi yake. Nje magari yalikuwa yakipiga honi kwenye robot, taa za barabarani.

"Miye niko na batoto batatu, dada," alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayenibembeleza nielewe. "Weye uko peke yako."

Ndipo nikaelewa asubuhi zile zote: kiganja kwenye paji, macho yaliyochungulia macho yangu. Sikumtukana. Nilikusanya vitana vyangu na mkasi, nikauacha ufunguo juu ya meza.

Miezi minne baadaye damu yangu ilikuwa safi. Siku ya kufungiwa faili, nesi alipitia karatasi zangu, kalamu mkononi. "Mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo," alisoma. "Hapa umeandika Jeannine. Bado ni huyu?"

"Mfute."

"Nimwandike nani?"

Nikamtajia kaka yangu Ishaka, na namba ya Tanga. Akazitazama tarakimu.

"Huyu anaweza kufika upesi?"

"Andika tu," nikamwambia.