Blanketi Lenye Mstari Uliokaza

Katika darasa la kisomo cha watu wazima walimwita Mama Nukta, na jina hilo alilipata kwa haki. Miezi ya mwanzo alikuwa akiweka nukta baada ya kila neno. Mwalimu alipomuuliza sababu, alijibu kwamba yeye ni mfumaji, na mfumaji asiyefunga fundo mwishoni mwa kazi huikuta asubuhi imefumuka. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Baadaye nukta zilipungua, lakini jina likabaki.

Alifuma mablanketi ya watoto wachanga kwa uzi wa sufu, akitumia sindano moja nene yenye kindoano nchani. Alikaa dirishani kwenye kiti cha mbao, juu ya mto uliokwisha kushika umbo lake, na waliomfahamu walimfuata huko huko. Mteja alipoketi, Mama Nukta hakumsifia kitu. Alilikunjua blanketi mapajani, akaligeuzia kwenye mwanga, kisha akaanza kutaja kasoro: hapa uzi uliniishia nikaunga mwingine, hapa nilisinzia, tundu likawa kubwa. Ndivyo alivyofunzwa na marehemu mama yake, ambaye naye alikuwa mfumaji. Aibu ya kitu, mama yake alikuwa akisema, huitaja muuzaji kabla mnunuzi hajaiona. Mteja aliyekwisha kusikia yote akachukua hakurudi kulalamika.

Mkwewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, na Mama Nukta alimpenda hivyo hivyo alivyo. Alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye alionekana nyumbani kwa nadra kama mwezi mwandamo. Waliishi nyumba moja, mama mkwe na mkwe, pamoja na mtoto wa kike aliyekuwa ameanza kutembea kwa kushika kuta, ambaye walimwita Kinanda kwa kuwa hakunyamaza hata usingizini. Mkwe ndiye aliyemsukuma Mama Nukta aende kisomo. Alimwambia, "Mama, wewe unakumbuka matundu ya blanketi zima kichwani. Herufi hizi chache zitakushindaje?"

Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi mkwe ilipofungwa, alifungua duka la mtandaoni la mablanketi yale, na kando ya duka akaanzisha blogu ya kuwavuta wateja. Alijifunza kwa bidii. Alijua kwamba picha hupigwa karibu na dirisha, kwamba kichwa cha makala lazima kiwe na maneno ambayo watu huyatafuta, na kwamba msomaji akizoea kukukuta siku fulani, usimkoseshe. Kwa hiyo kila Alhamisi aliandika: mablanketi bora kabisa, laini, ya kisasa, bei nafuu, agiza leo. Picha zilipendeza mno. Wageni waliingia, wakatazama, wakatoka kama watu waliokosea mlango.

"Mama, nisaidie kuandika," alimwambia siku moja. "Mimi maneno yameniishia, na fundi ni wewe."

"Niandike nini?"

"Sifa zake."

"Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri kikiwa mlangoni, sawa. Huku hakuna mlango. Kizuri chetu kimejifungia chumbani, kinangoja kupigiwa hodi na watu wasioijua nyumba."

Mama Nukta alicheka. "Basi kitembeze wewe. Mimi magoti yananiuma."

Jambo lenyewe lilikuja jioni moja, mkwe akiwa anamenya viazi na Kinanda akiyafuata maganda sakafuni kama kuku.

"Mama, kuna kampuni ya bima inanitaka," alisema bila kuinua macho. "Si hapa. Makao yao ni katika ule mji ambako mwanao hupakia mizigo. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao niwajibu. Duka likisimama, nabaki. Lisiposimama, sina ujanja."

"Na Kinanda?"

"Bado ananyonya, Mama. Nitakwenda naye."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema yeye ni gurudumu, atazunguka popote tutakapokuwa."

Mama Nukta alivuta uzi, akapitisha sindano. "Riziki ni popote, mwanangu," alisema. "Nenda ikubidi kwenda." Alisema hivyo kwa sababu aliamini kwamba mama mkwe anayemng'ang'ania mke wa mwanawe hugeuka kamba, na kamba, hata iwe ya hariri, hukata ngozi. Ndani ya moyo wake alikwisha kuiona nyumba ikiwa kimya, na ukimya ule ulimtisha kuliko radi.

Aliendelea kufuma. Asubuhi yake, alipolitandaza blanketi kitandani, aliona kwamba mstari wa jana umekaza. Ulilivuta blanketi zima kwa ndani, likawa na kiuno kama nyigu. Kosa la namna hiyo hakuwahi kulivumilia. Alishika ncha ya uzi afumue, mkono ukasita. Aliiachia ncha, akafuma mstari mwingine juu yake, kisha mwingine, mpaka blanketi likaisha.

Alhamisi iliyofuata mkwe aliitwa na wale watu wa bima, waliokuwa wamefika mjini kuwaona ana kwa ana watu waliowataka. Alivaa viatu vyake vya ofisi, vilivyokuwa vimeanza kumsahau, akaweka kompyuta mezani.

"Mama, leo Alhamisi na sijaandika neno. Picha ya blanketi jipya nimeshaiweka. Andika chochote, hata mistari michache. Ukimaliza, bonyeza hapa, palipoandikwa Chapisha."

"Nikikosea?"

"Nikirudi nitasahihisha. Usiogope, haing'ati."

Kinanda alipolala, Mama Nukta aliketi mbele ya kompyuta kwa adabu, kama mtu aliyeitwa ofisini. Aliitazama picha. Alijiuliza maswali mawili tu: anayekuja ni nani, na huambiwa nini? Anayekuja ni mnunuzi. Mnunuzi huambiwa kasoro. Basi jambo likawa jepesi. Alianza kudonoa herufi kwa kidole kimoja, na donoa donoa ile ikamchukua hadi jua lilipohama dirishani.

Aliandika hivi:

"Wakubwa shikamoo, wadogo marahaba. Blanketi hili lina kasoro tatu. Kwanza kijani cha pembeni si kijani cha katikati, muuza uzi aliapa ni kile kile nami nikamwamini. Pili kona moja imelala, ilikaliwa na mjukuu wangu akakataa kuinuka. Tatu chini ya katikati kuna mstari uliokaza. Jioni ile mkwe wangu aliniambia huenda akaenda kufanya kazi mbali, na mtoto. Nikamwambia riziki ni popote. Mdomo ulikubali, mkono ukakataa. Ningeweza kufumua. Sikufumua kwa sababu ningefumua ukweli. Blanketi linafunika vizuri. Lifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, lisikamuliwe kwa kusokotwa, lianikwe kwa kulazwa juu ya taulo, likining'inizwa litarefuka kama uvumi. Mimi mfumaji."

Akaweka nukta, akabonyeza Chapisha, akaenda kuosha vyombo akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza zamu yake.

Mkwe alirudi ameshika viatu mkononi. Wale watu wa bima walimpenda. Walimwambia kiti chake kipo, kinamngoja yeye tu. Aliketi mezani kabla hata ya kunywa maji, akafungua kompyuta.

"Mama."

"Bee."

"Umeandika kasoro."

"Zote. Sikuficha hata moja."

"Mama yangu, watu huandika sifa ili wauze. Wewe umelianika blanketi kama mshtakiwa."

"Aliyeambiwa hadanganywi. Wewe uliniambia niandike, hukuniambia nidanganye."

Mkwe alianza kucheka, akaendelea kusoma, kisha kicheko kikakatika katikati. Mama Nukta alijua amefika kwenye kasoro ya tatu. Alijishughulisha kukausha sufuria ambayo ilikuwa kavu tangu zamani. Hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Darasani alizoea kuandika na kumpa mwalimu, na mwalimu akishasoma, mambo huisha. Neno alilokataa kumwambia mtu mmoja uso kwa uso, alikuwa amelitangaza kwa ulimwengu mzima, na huyo mmoja akiwamo.

Kinanda aliamka, akaanza kazi yake ya kelele.

"Hukugawa aya, Mama," mkwe alisema hatimaye, sauti yake ikiwa nzito kidogo. "Umeandika bila kupumzika. Msomaji atakatika pumzi."

"Futa basi. Si ulisema utasahihisha?"

"Sifuti. Njoo ukae hapa."

Wakakaa bega kwa bega, mtoto akiwa amepakatwa katikati. Mkwe aliyagawa maneno katika aya, na kila kasoro akaipa mahali pake. Alileta blanketi dirishani, akapiga picha ya ule mstari kwa karibu, kidole gumba cha Mama Nukta kikiwa kando yake. Halafu akabadilisha kichwa cha makala, kikawa: Kasoro tatu za blanketi la mtoto, na namna ya kufua sufu bila kuiharibu.

"Kwa nini kufua kukae juu, na mimi nimekuweka chini?"

"Kwa sababu watu wanaotafuta namna ya kufua sufu ni wengi kuliko wanaotafuta blanketi. Watakuja kwa ajili ya sabuni, watakukuta wewe. Na mwisho naweka njia ya kuingilia dukani, ili aliyependa asibaki amesimama nje."

"Kumbe nawe ni mfumaji," Mama Nukta alisema, akimtazama kwa heshima ya fundi kwa fundi.

"Hii ya tatu," mkwe aliuliza polepole, "niiache?"

"Kwani ina kosa?"

"Sijui. Ni kweli, Mama?"

"Siku hizi naweka nukta mahali pake tu, mwanangu. Na pale nimeiweka."

Mkwe alimlazia kichwa begani kwa muda mfupi, kama mtu aliyechoka na viatu, kisha akamchukua mtoto akamnyonyeshe.

Maoni yalianza kuingia kesho yake. Mkunga mmoja aliuliza kama siki kidogo inafaa kwenye maji ya kufulia. Mama wa mapacha alitaka mawili yasiyofanana, ili ajue yupi ni yupi. Lakini wengi waliuliza jambo moja: mkwe ameondoka au yupo? Mwanamume mmoja aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa hesabu alisema hana mtoto wala mkwe, ila hatapata usingizi mwema mpaka ajue. Na mwanamke mwingine alitaka kulinunua lile lile blanketi lenye mstari uliokaza.

"Muuzie," alisema Mama Nukta.

"Limeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na Kinanda."

"Kinanda hana hela."

"Atalipa kwa kelele."

Tangu hapo kazi ikapata mwendo wake. Mama Nukta aliandika kasoro. Mkwe alitafuta kichwa, akapiga picha, akajibu kila aliyeuliza, kwa jina na kwa upole, hata aliyeuliza mambo ya kipuuzi. Wakiandika kuhusu uzi uliobadilika rangi, walieleza namna ya kuchagua uzi. Wakiandika kuhusu tundu kubwa, walionyesha namna ya kuliziba. Oda hazikuja kama mafuriko. Zilikuja kama manyunyu, na kuna wiki moja hata manyunyu yalikatika, mkwe akaonekana akivipangusa vumbi vile viatu vya ofisi. Mama Nukta aliona, akaandika kasoro nyingine. Wiki iliyofuata mkunga aliagiza mablanketi ya zahanati nzima.

Mwisho wa mwezi ulipofika, mkwe alichukua simu akasimama katikati ya chumba. Mama Nukta alikuwa dirishani na sindano yake, akifuma kwa bidii ya mtu asiyesikiliza.

"Nawashukuru sana kwa kunisubiri," mkwe alisema kwenye simu. "Hapana, sitaweza. Nimeshaajiriwa." Akaulizwa ameajiriwa na nani. "Na mama mkwe wangu. Ndiyo. Ni mkali, lakini anataja kasoro zake mwenyewe."

Aliiweka simu mezani. "Umesikia, Mama?"

"Nisikie nini? Mimi nafuma."

Mkwe alimsogelea, akainama, akauinua ukingo wa blanketi. Aliuchunguza, kisha akapitisha kidole kati ya nyuzi, kikatokea upande wa pili bila kizuizi.

"Mstari huu umelegea."

Mama Nukta alitazama. Ulikuwa umelegea kweli, tangu mwanzo wake hadi mahali sindano ilipokuwa. Alishika ncha ya uzi.

"Nifumue?"

"Thubutu. Hiyo ndiyo Alhamisi yetu."

Akaiachia ncha. Aliichoma sindano ndani ya donge la uzi, akajikokota hadi mezani, akaivuta kompyuta karibu.

"Kabla ya Alhamisi," alisema, "tumjibu kwanza yule mwalimu wa hesabu. Mtu mzima hakai macho kwa ajili yetu."

Mkwe alimfungulia mahali pa kujibu. Mama Nukta alinyoosha kidole chake kimoja, akadonoa taratibu, herufi moja baada ya nyingine: Yupo. Kisha akaweka nukta, akaikandamiza sana, kama mtu anayefunga fundo.