Kitanda Kilichorukwa

Nesi mnene alipita kitanda kwa kitanda akieleza uzazi wa mpango: vidonge, sindano, kijiti. "Wewe mama, ukirudi hapa mwakani nakufukuza na fagio!" Wodi ikacheka. Alipofika kwa fundi cherehani, aliyejifungua kwa upasuaji jana yake, alimnyooshea shuka, akapita.

"Dada, mbona mimi umeniruka?"

"Wewe huna haja nayo, mpenzi. Pumzika."

"Sina haja kwa nini?"

Nesi alishageukia kitanda cha pili. Fundi akautazama ule mgongo. Mshono ulimchoma chini ya kitovu. Tangu azinduke, daktari alikuwa amempongeza mumewe, si yeye. Mama mkwe naye alikuwa amesema, "Sasa mwanangu atapumua." Jana maneno hayo yalipita tu. Leo yalianza kunuka.

Saa ya kuona wagonjwa mumewe aliingia na chupa ya chai.

"Umekubali nini, baba watoto?"

"Nani kakwambia?"

Hapo hapo akajua.

"Daktari alitoka mlangoni," mumewe alisema, akihangaika na kifuniko cha chupa. "Akasema kizazi kimechoka, afunge mirija moja kwa moja. Nikasema sawa. Wewe ulikuwa umelala."

"Asubuhi nzima, kabla sijaingizwa kupasuliwa, nilikuwa macho kwenye benchi, nimekaa ubavuni mwako. Wote mlikuwa mnaniona."

"Usimgombeze," nesi alidakia kutoka kitanda cha jirani. "Wengine hata mlangoni hawafiki. Wako anakupenda."

Daktari alipopita, fundi alimshika koti.

"Mimba nyingine ingekuua, mama," daktari alisema.

"Labda. Ungeniambia, labda ningekubali mwenyewe."

"Basi si yale yale?"

"Inafunguka?"

Daktari alilitoa koti lake taratibu, kidole baada ya kidole. "Una watoto watatu wazima. Shukuru."

Mumewe akammiminia chai. Hakuigusa. Kichanga kililia, akakiweka titini, akageukia mlango uliokuwa wazi.

Kwenye korido, machela ilikuwa ikisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Daktari alichungulia kutoka ndani yake akivaa glavu.

"Mwenye mke huyu yuko wapi?"

Benchi zima la wanaume waliokuwa wakisubiri likainuka. Mume wa fundi naye, aliyeketi kando ya kitanda, chupa mkononi, akajikuta amesimama.

Juu ya machela, mwanamke mwenye tumbo kubwa, macho makavu, akanyoosha mkono.

"Mimi niko hapa," alisema.

Daktari aliendelea kuwatazama wanaume, mmoja mmoja.